Televisheni Iko kwa Fundi

Siku ya hamsini na mbili ya eda yake, Mwanvua alisikia mtu akipima chumba cha mbele. Hakumwona, maana kati ya chumba kile na vyumba viwili vya nyuma, alimokuwa akiishi na binti yake Fadhila, lilining'inia pazia zito la kijani, na mjane aliye edani hachungulii wanaume. Lakini mlio wa tepu ya chuma ikijirudisha kwenye kibweta chake aliujua.

"Hodi, mama," ilisema sauti ya kijana kutoka ng'ambo ya pazia. "Naitwa Shimba, mpangaji mpya. Mzee Mhoja amenituma nikupe pole na msiba."

"Tumeshapoa, baba."

"Halafu amesema chumba hiki nakipata Jumamosi. Sasa hizi TV mbovu..." Tepu ikajirudisha tena. "Zitatoka leo au kesho?"

Mzee Mhoja, mwenye nyumba, alikuwa mtu mwenye haya. Kumfukuza mjane uso kwa uso moyo wake haukumruhusu. Kumtuma mtu mwingine amfukuze moyo ulimruhusu, tena Jumatatu asubuhi, kabla hajanywa chai. Shimba alikwisha kumpa kodi ya miezi sita mkononi, na alikuwa akingoja shehena yake ya televisheni kutoka Dubai, zilizotumika kidogo tu, ziwahi Kombe la Dunia.

Chumba chenyewe kilikuwa karakana ya Yahaya, fundi wa redio na televisheni, kwa miaka kumi na tisa. Mlibaki ndani yake televisheni thelathini na nne, redio zisizo na idadi, deki, feni na pasi za umeme, vyote vibovu na vyote vya watu. Yahaya alikufa kwa homa ya siku tatu. Wenye vyombo walikuja kuzika, wakala pilau ya hitima, wakaondoka bila hata mmoja kuulizia chake.

Wala si kwamba walisahau. Mtaa wao wa Kirumba, kando ya ziwa, mwaka ule wa tisini na nane ulikuwa na watu wa aina tatu: wenye televisheni, wasio na televisheni, na wale ambao televisheni yao iko kwa fundi. Hawa wa tatu ndio waliostarehe kuliko wote. Mwenye televisheni hulipa umeme, huogopa wezi, na hukaribisha majirani waliokuja kuangalia taarifa ya habari wakabaki mpaka ugali ukaiva. Asiye nayo hudharauliwa mpaka na shemeji zake. Lakini ambaye yake iko kwa fundi ana heshima ya mwenye nayo na gharama za asiye nayo. Ataiendea kwa nini?

Mkubwa wao alikuwa Mzee Luhende, mwenyekiti wa mtaa. Yake ilikuwa ya rangi, inchi ishirini na nne, ndani ya kasha la mbao lenye milango miwili ya kufunga kwa ufunguo kama kabati. Ilivuka mpaka kutoka Uganda baada ya vita, na ilivukaje hakuna aliyeuliza. Tangu mwaka tisini na moja, enzi za mikanda ya video, ilikuwa kwa Yahaya, na mkutano wa mtaa haukupita bila mwenyekiti kusema, "Kama nilivyokuwa nikiona kwenye televisheni yangu, kabla haijaenda kwa fundi..."

Ili wateja wake wasije wakagombana, Yahaya aliandika jina la mwenye chombo nyuma ya kila kasha, kwa rangi nyeupe ya mafuta na mwandiko mkubwa wa shule.

Faisal, mdogo wake marehemu, alikuja mchana uleule. Faisal alikuwa na biashara nyingi, ila zote zilikuwa bado hazijaanza.

"Shemeji, hili si la kuumiza kichwa," alisema, ameegemea mlango wa uani huku Mwanvua akichambua mchele ndani. "Nipe hela ya mkokoteni. Safari nne tu, zote Mirongo."

"Mtoni?"

"Mto gani? Mfereji ule. Mji mzima unatupa pale."

"Na maji yake yanaishia wapi?"

"Ziwani."

"Na wewe unakunywa ya wapi?"

Faisal alicheka. "Ziwa lile ni kubwa, shemeji. TV ya Mzee Luhende haiwezi kulidhuru."

Mwanvua akaweka ungo chini. Alimweleza kama Yahaya alivyokuwa akimweleza yeye: ile chupa kubwa ya kioo iliyo nyuma ya picha, yaani tyubu, haina hewa ndani. Ukiigonga ovyo inapasuka, na vipande vinaruka kama mawe ya kombeo. Moja ilimpasua Yahaya nyusi ya kushoto mwaka themanini na nne, na aliyemshikia taulo ni Mwanvua. Tena kioo chenyewe kimechanganywa na madini ya risasi, si kitu cha kulaza kwenye maji ya watu. Ndiyo maana Yahaya hakutupa tyubu hata moja maisha yake yote.

"Ndiyo maana zimejaa," alisema Faisal.

"Nimesema hapana."

"Sawa, shemeji."

Sawa ya Faisal ilidumu usiku mmoja. Kesho yake, Fadhila alipokwenda sokoni na Mwanvua akiwa uani akifua, Faisal aliingia karakana kwa mlango wa barabarani na mkokoteni wa kukopa, akapakia nne, akianza na kubwa ndizo zilizokula nafasi. Ile ya milango miwili aliinyanyua peke yake bila taabu. Akasifu nguvu zake. Ilipofika saa nne zilikuwa zimelala kwenye tope la Mirongo.

Kwa bahati mbaya yake, wiki ile ilikuwa ya usafi. Bwana afya alikuwa akikagua kingo za mto pamoja na karani wake, na alipoziona alisimama kama aliyeona muujiza. Alikuwa amefanya kazi ile miaka minane, na siku zote hizo hakuwahi kukuta uchafu wenye jina la mwenyewe. Nyuma ya kasha kubwa palisomeka wazi, kwa rangi nyeupe: M/KITI LUHENDE, KIRUMBA.

Notisi ya faini ilimkuta mwenyekiti amesimama juu ya benchi mbele ya wananchi wapatao hamsini, akiwaeleza ubaya wa kutupa taka mtoni.

"Mama Fadhila! Toka nje!"

"Niko edani, Mzee Luhende. Shikamoo."

"Marahaba," akajibu mzee, maana desturi ni desturi. Kuitikia salamu katikati ya hasira kulimpunguzia kasi, na hilo likamkasirisha zaidi. Alikuwa amesimama katikati ya karakana, notisi mkononi. Nyuma yake, barabarani, watu waliomfuata kutoka mkutanoni walikuwa wamejipanga.

"Umenidhalilisha! Mimi, mwenyekiti, napelekewa karatasi ya uchafu mbele ya watu wangu!"

Mwanvua hakuwa na habari ya Mirongo. Alilijua jambo lile pale pale, kwa vipande, kutoka kwenye makelele. Alijua pia ni mkokoteni wa nani.

"Nisamehe, mzee. Zimetoka bila idhini yangu. Zitarudi."

"Zirudi zimekufa? TV yangu ilikuwa nzima!"

"Nzima, mzee?"

"Nzima! Ilikosa kitufe tu. Kitufe cha sauti!" Aliwageukia watu wa barabarani, nao wakatikisa vichwa kwa huzuni ya kitufe. "Sasa sikiliza. Nataka TV ya inchi ishirini na nne, ya rangi, kabla mpira haujaanza. Kama huna, marehemu ameacha vifaa. Ameacha mita ya kupimia umeme, ameacha mashine ya kulehemu. Nitavichukua hivyo. Nasikia kwenye dini yenu deni la maiti ni zito. Msimwache mwenzenu akiteseka huko kwa ajili yangu."

Aliondoka. Nyuma ya pazia Mwanvua alibaki amekaa, mikono mapajani. Kutukanwa angevumilia, mjane ni jalala, kila mtu hupita akamwaga chake. Lakini Yahaya kuitwa mdaiwa, tena akiwa hana hata siku sitini kaburini, kulimchoma. Na ile mita ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Fadhila, mwenye miaka ishirini, alijifunza kazi kwa baba yake tangu utotoni, na tangu msiba alikuwa akitengeneza redio za majirani kwenye meza ya chakula.

Jioni jirani yao Dorotea, muuza samaki, alirudi kutoka soko la samaki la Mwaloni na habari. Aliketi mlangoni, akaanza kucheka kabla hajasema.

"Dada Mwanvua, leo pale Mwaloni kila mwanaume TV yake ilikuwa nzima. Ilikosa kitufe tu. Nimehesabu kumi na mmoja. Sijui vitufe vyote hivyo vilikwenda wapi, labda vimeliwa na sangara."

"Na wao wanataka mpya?"

"Bhebhe, we acha! Wameshaanza kugawana. Mmoja kasema mashine ya kulehemu atachukua yeye, mwingine kasema hapana, wapige kura."

Mwanvua alimtuma Fadhila akamwite Faisal. Faisal alikuja akitazama chini.

"Nilitaka kukupunguzia mzigo, shemeji."

"Umenipunguzia. Kesho kabla ya adhuhuri zote nne ziwe zimerudi pale zilipokuwa, kwa mkokoteni wako na kwa hela yako. Zisiporudi, nitamtajia bwana afya jina ambalo halikuandikwa kwa rangi."

Zilirudi saa tatu asubuhi, zikinuka tope. Fadhila aliposaidia kushusha ile kubwa alimtazama mama yake kupitia upenyo wa pazia. Faisal alipokwisha kwenda aliingia ndani.

"Mama, hii ya Mzee Luhende haina uzito."

Mwanvua aliziba upenyo wa pazia. "Funga mlango."

Akamwambia. Mwaka tisini na moja, walipopunguza watu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba alikokuwa karani, Mzee Luhende alikuja karakana saa ya kufunga, akazunguka maneno mpaka kiza kikaingia. Mwishowe akaomba Yahaya anunue mashine yote ya ndani, tyubu na kila kitu, apate ada ya shule ya binti yake, Queen. Yahaya aliitoa pale pale, Mwanvua akimshikia taa. Kasha likafungwa milango, likabaki. Mzee akaomba jambo moja tu, aruhusiwe kusema liko kwa fundi.

"Miaka saba!" Fadhila alishika mdomo. "Na leo anasimama hapa anadai kitufe? Si tumuumbue tu?"

"Baba yako alimwahidi halitatoka humu."

"Baba alimwahidi mtu mwingine, mama. Huyu wa jana hakumjua."

Mwanvua alimwambia alete kipande cha boksi na kalamu nene, waandike tangazo: wenye madai ya vyombo waje Jumamosi asubuhi.

Jumamosi saa mbili walikuwa wamefika ishirini na saba. Wengine walikuja na mikokoteni ya kuchukulia televisheni mpya. Mzee Luhende alikuja na kiti chake, akakiweka mbele, akakunja mguu. Katikati ya karakana palikuwa na meza, na kandoyo alisimama Fadhila na bisibisi. Pazia lilikuwa limetulia.

"Asalaam alaykum, na wengine Bwana asifiwe," ilisema sauti ya Mwanvua. "Nimesikia kwamba vyombo vyenu vyote vilikuwa vizima. Yahaya hayupo kujibu. Basi vyombo vitajibu vyenyewe. Fadhila atafungua kimoja kimoja, hapa mbele yenu, kila mtu aone. Ambaye chake ni kizima, nitamlipa, hata kwa mita na mashine ya kulehemu. Ambaye chake kimekufa atasema kimekufa, na atanisaidia kukizika mahali pasipodhuru watu. Haki?"

"Haki!" walijibu, maana kila mmoja alikuwa akimfikiria mwenzake.

"Basi tuanze na kiongozi wetu."

Fadhila aliinama, akapitisha mkono mmoja chini ya lile kasha la inchi ishirini na nne, akalinyanyua mpaka mezani kama mtu anyanyuaye ungo.

Baadhi ya waliokuwapo walikuwa wachukuzi. Walijua kitu kizito kinavyonyanyuliwa. Ngosha, aliyebeba magunia ya dagaa pale Mwaloni tangu ujana, alikohoa. "Nyepesi hiyo," alisema polepole. "Kama tenga la kuku."

Fadhila alifungua skurubu ya kwanza nyuma ya kasha, akaiweka mezani. Akafungua ya pili. Mzee Luhende alikuwa ameshusha mguu.

"Ngoja," alisema.

"Naam, mzee?" pazia likauliza.

"Nilikuwa nawaza... Marehemu alikuwa rafiki yangu. Jamani, kufa ni kwetu sote. Mimi nimesamehe."

Kukapita mnong'ono wa kumsifu. Nyuma ya pazia, neno moja lilikuwa ulimini mwa Mwanvua, jepesi kuliko lile kasha, na mzee yule asingesimama tena mbele ya mkutano wowote Kirumba. Alilitamani mpaka mate yakamjaa. Kisha akakumbuka Yahaya na Luhende wamekaa mle ndani wamefunga mlango, wanaume wawili wazima wasioweza kutazamana. Akalimeza. Lakini alichomeza kilikuwa siri, hakikuwa haki yake.

"Hapana, mzee. Anayesamehe ni mwenye dai. Sema mbele ya watu, una dai kwa Yahaya au huna?"

Fadhila akaiweka bisibisi kwenye skurubu ya tatu.

"Sina dai," alisema Luhende.

"Sijasikia, mzee. Pazia hili ni zito."

"Sina dai! TV ilikuwa mbovu! Ilikufa zamani, yeye hakunidhulumu kitu!"

"Mungu akulipe kheri. Fadhila, mrudishie mzee skurubu zake." Sauti ya Mwanvua ilikuwa ya upole kabisa. "Inayofuata ni ya nani?"

Hakutoka mtu. Wengine walikuwa wameleta televisheni zilizopigwa na radi mwaka themanini na nane, wengine walikuwa wameuza spika, wengine hawakukumbuka tena wamekwisha kutoa nini ndani. Wakaanza kutazama dari. Kisha mwalimu mstaafu wa karibu na mlango akasema haraka haraka, "Ya kwangu tupa tu, mama." Baada ya hapo walikatizana kauli. Ya kwangu tupa. Na ya kwangu. Mimi nilikuja kutoa pole tu. Mmoja alisema yeye hata televisheni hakuwahi kuwa nayo, na jina lake lilikuwa pale nyuma yake, kwenye kasha lililoegemea ukuta, herufi za kiganja kizima.

"Hatutupi," alisema Mwanvua. "Tunazika. Tunataka mahali pa juu, penye udongo mgumu, mbali na kisima. Nasikia Mzee Luhende ana kiwanja Mkolani."

Mzee Luhende alikitoa kiwanja kwa moyo mkunjufu ambao mtaa haukuwahi kuuona.

Walisafirisha kwa pikapu ya samaki aliyoipata Dorotea. Mkolani, juu ya mteremko wa mawe, Fadhila alivaa shati la baba yake na glavu za ngozi, akawapanga wanaume kando. Kwenye kila tyubu aligusisha kwanza bisibisi iliyofungwa waya, kuutoa umeme uliobaki umelala ndani. Ya tatu ilitoa cheche na mlio mkavu, na wanaume ishirini na saba wakaruka nyuma pamoja. Kisha aliivunja shingo ya tyubu kwa koleo, chini ya gunia, hewa ikaingia kwa mluzi, na baada ya hapo haikuwa tena na hatari ya kulipuka. Nyaya za shaba ziliwekwa kando, spika kando, redio na pasi zikachambuliwa vivyo hivyo. Makasha ya mbao Dorotea aliyachukua ya kutagishia kuku. Vioo vilifungwa kwenye magunia, vikashushwa shimoni na kushindiliwa udongo wa mfinyanzi. Fadhila alijua kwamba hiyo si dawa kamili. Ndiyo iliyokuwapo.

Kuchimba walichimba wanne. Kufuta majina walijitokeza wote. Walileta matambara na mafuta ya taa, wakachuchumaa kila mtu nyuma ya kasha lake, wakasugua mpaka jasho likawatoka, kwa bidii ambayo wiki ya usafi haikuwahi kuipata.

Mzee Luhende alikuja wa mwisho. Alilibeba kasha lake mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

"Mzee, hilo ni mbao tupu," Fadhila alimwambia kwa sauti ya chini. "Halina ubaya. Linafaa hata kuku."

"Litie ndani."

Alisimama mpaka udongo ukalifunika. Kisha akapangusa mikono, akatazama upande wa barabara ambako wenzake walikuwa wakishuka.

"Mwambie mama yako," alisema, "Queen anafundisha shule, kule Magu. Darasa la tatu."

"Nitamwambia."

"Asinijibu kitu. Mwambie tu."

Shimba alifungua duka Jumatatu. Alipigilia mbao palipokuwa na pazia, akapaka kuta rangi ya waridi, na hata mipira ilipoanza kule Ufaransa, umati mbele ya mlango wake ulifunga barabara. Mita na mashine ya kulehemu vilibaki juu ya meza ya chakula, na Fadhila hakukosa redio.

Mpira ulipofika robo fainali kijana alizungukia uani. Alisimama kando ya dirisha, akageuza uso ukutani kwa adabu.

"Mama, shikamoo. Nina shida."

"Marahaba. Sema."

"Katika zile TV arobaini za Dubai, tisa zimefika zimekufa. Wateja wamerudisha tano. Sina pa kuziweka, naziruka nikienda chooni."

"Huko hukuzijaribu?"

"Walinipa bei nzuri mno, mama. Walikuwa wanataka ziondoke tu." Alijikuna shingo. "Sasa nilikuwa naomba unielekeze lile shimo lenu la Mkolani."

Mwanvua alikuwa akishona kifungo kwenye shati. Akakata uzi kwa meno.

"Lile limejaa, mwanangu," alisema. "Chimba lako."